Sura ya Sita: Makovu ya Kununua

Bango la muziki limebandikwa ukutani. Neno TAMASHA limetanda juu yake kwa herufi nene, nyeusi, zilizobanduka huku na huku. Ungedhani zimegongwa kwa vibao vilivyokaa stoo tangu enzi za mkoloni. Mpita njia anavutiwa. Anayesimama akahesabu A atakuta tatu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. A ya kwanza ina ufa unaokata mguu wa kushoto, tundu dogo la bungua karibu na kilele, na doa jeupe kwenye upau wa katikati. A ya pili ina ufa uleule, tundu lilelile, doa lilelile. Ya tatu hali kadhalika. Bungua gani huyo anayetembea na rula?

Ni fonti. Kuna mtu alichora A moja ikiwa chakavu, akaiuza, na kompyuta ya mtengeneza bango inaitoa ileile kila kitufe kinapoguswa. Anayeandika Kiingereza huweza kuponea chupuchupu, kwa kuwa katika maneno yake mengi herufi hazirudi mara kwa mara. Kiswahili kinamuumbua mtu papo hapo. Maneno yetu yamejaa irabu, na A imezipita zote: MAKALA, BARAKA, MASHABIKI, KARATASI. Mbaya zaidi ni A zinazokaa ubavu kwa ubavu, kwenye TAARAB, kwenye SAA, kwenye MAANDAMANO, ambapo jicho halihitaji hata kusafiri ili lilinganishe kovu na kovu.

Ninaanza na kasoro hiyo kwa sababu inaonyesha fonti chakavu inadai nini hasa. Inadai kwamba kuna kitu halisi, cha mbao au chuma au mpira, kiligusa karatasi, na kwamba kitu hicho kilikuwa kimeshafanya kazi nyingi kabla ya siku hiyo. Herufi safi haidai lolote kuhusu historia yake. Chakavu inadai, na dai linachunguzika.

Sura tunayoijua zaidi, ile ya mabango ya sarakasi na ya majambazi wanaotafutwa kwenye filamu za kauboi, asili yake ni mbao. Mwanzoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wa London walikuwa wakigombania macho ya watu barabarani, na herufi za vitabu, nyembamba na zenye adabu zake, hazikutosha tena. Waunda herufi kama Robert Thorne na Vincent Figgins wakazinenepesha hadi miguu yake ikajaa wino tele. Mwaka 1845 kiwanda cha Robert Besley kikatoa Clarendon, herufi yenye vikanyagio vizito, yaani vile visigino kwenye ncha za mistari, ambayo wajukuu zake bado wamo kwenye lebo za chupa na vibao vya hoteli. Tatizo lilikuwa madini. Risasi iliyochanganywa na bati na antimoni hutoa herufi ndogo safi sana, lakini ukimimina herufi ya urefu wa kiganja, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine, uso unabonyea, na sanduku la alfabeti nzima halibebeki.

Mchapaji mmoja wa New York, Darius Wells, akapata njia mwaka 1827: mashine yenye ncha inayozunguka, inayochimba ubao na kuacha herufi imesimama. Mwaka uliofuata akatoa katalogi. Mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha ncha hiyo na pantografu, kifaa ambacho ukifuatisha kiolezo kikubwa kwa upande mmoja, upande wa pili hurudia umbo lilelile kwa kipimo kidogo. Kuanzia hapo alfabeti nzima ingeweza kukatwa kwa ukubwa wowote kutokana na kiolezo kimoja.

Ubao wenyewe haukulazwa. Gogo la maple, mti mgumu wa kaskazini mwa Marekani, lilikatwa visahani vya mviringo, ili uso wa herufi uwe ule upande wa ncha za nyuzi. Sababu ni ileile inayomfanya muuza nyama asimamishe gogo lake wima buchani: nyuzi zikitazama juu hupokea pigo bila kupasuka. Visahani viliachwa vikauke muda mrefu, vikasawazishwa, vikasuguliwa hadi vikawa laini, vikafikishwa kimo cha inchi 0.918, yaani milimita 23.3 hivi. Hicho ndicho kimo cha herufi za risasi za Marekani na Uingereza, kwa hiyo mbao na risasi ziliweza kukaa kwenye mtambo mmoja na kupokea wino wa roli moja.

Jina linalotajwa zaidi katika biashara hii ni la J. E. Hamilton wa Two Rivers, mji mdogo wa Wisconsin kando ya Ziwa Michigan. Alianza mwaka 1880 kwa njia ya mkato. Hakuchimba herufi, alikata umbo lake kwa msumeno mwembamba kutoka kwenye ubao mwembamba, akaligundisha juu ya kipande cha mti wa bei nafuu. Kwa bei hiyo washindani wake walipata tabu. Baadaye yeye mwenyewe alihamia maple, akanunua kampuni baada ya kampuni, ya William Page ikiwemo mwaka 1891, na karne ilipogeuka alikuwa ndiye mtengenezaji mkubwa kuliko wote nchini Marekani. Kiwanda kiliendelea kukata herufi mpaka miaka ya 1980. Tangu 1999 kuna jumba la makumbusho mjini humo, lenye vipande vya herufi vinavyokadiriwa kufikia milioni 1.5.

Sasa, kuna jambo ambalo wauza fonti chakavu hawapendi kulitaja. Mchapaji wa zama hizo angeona aibu kukabidhi kazi yenye sura tunayoinunua leo. Bango zuri kwake lilikuwa na weusi uliojaa, kutoka ukingo hadi ukingo. Uchakavu ulikuwa adui wa kila siku. Herufi ya mbao hunywa unyevu na kupinda. Huanguka sakafuni ikapata jeraha pembeni. Huoshwa vibaya, wino mkavu ukaganda kwenye kona za ndani. Halafu kuna kazi yenyewe: herufi zinazotumika kila siku, kwa Kiingereza E hasa, hushuka kimo kwa unene wa unywele ukilinganisha na Q na Z zinazolala kwenye droo mwezi mzima. Kwenye mtambo, unywele huo ndio unaotenganisha nyeusi na kijivu.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa alitoa nakala ya majaribio, akaigeuza nyuma dhidi ya mwanga kuona wapi herufi imegusa na wapi imeruka. Alichana karatasi laini kipande, akakibandika chini ya E iliyoshuka, akajaribu tena. Kama tumbo tu la herufi ndilo lililobonyea, alichana kipande kingine cha umbo la tumbo hilo. Kazi hii ya kubandika viraka chini ya herufi mara nyingi ilikula muda kuliko uchapaji wenyewe, na mteja hakuiona kamwe. Ikifanywa vizuri haionekani. Mabango yenye madoa yaliyotufikia aghalabu ni yale ambayo hakuna aliyelipia muda huo: mnada wa ng'ombe wa kesho asubuhi, sarakasi inayokaa usiku mmoja.

Ukikutana na chapa halisi ya mbao, angalia kingo za herufi kwanza. Mtambo unapokandamiza, wino husukumwa nje ukajikusanya ukingoni, ukafanya mstari mweusi mwembamba unaoizunguka herufi yote, huku katikati kukiwa na weusi hafifu, wenye vidoa vya karatasi ambayo haikuguswa. Fonti nyingi za bei rahisi hufanya kinyume chake. Hutafuna kingo na kuliacha tumbo jeusi tii. Aliyezichora alikuwa anakumbuka wazo la uchakavu. Chapa chakavu yenyewe hakuwa nayo mezani.

Nitaje na hesabu ya A, maana inatuhusu. Seti za herufi za mbao ziliuzwa kwa kipimo cha A kubwa zilizomo: seti ya 3A ilikuwa na A tatu, na herufi nyingine kwa uwiano unaolifaa Kiingereza. Kwa seti hiyo unaandika TAMASHA mara moja na droo ya A imekwisha. Kumwalika mtu kwa KARIBU ni lazima ukaazime kwingine. Wachapaji wa Kiingereza nao waliishiwa, na walipoishiwa walichomeka herufi ya alfabeti nyingine yenye kimo kinachokaribiana. Ule mchanganyiko wa maumbo matano kwenye bango moja, ambao leo hufundishwa kama mtindo, ulitokana kwa sehemu na upungufu wa namna hiyo, na kwa sehemu na tamaa ya kuujaza kila mstari kutoka pambizo hadi pambizo.

Nashville, Tennessee, bado kuna mahali ambapo herufi hizi hazijastaafu. Hatch Show Print ilianzishwa mwaka 1879 na ndugu wawili, Charles na Herbert Hatch, ikachapa mabango ya sarakasi, ya michezo ya jukwaani na baadaye ya wanamuziki wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri. Leo iko chini ya taasisi inayoendesha jumba la kumbukumbu ya muziki wa kantri, na bado inachapa mabango ya matamasha kwa mbao zilezile. Jim Sherraden, aliyeiongoza kwa miaka mingi kuanzia 1984, alishikilia kwamba njia ya kuzihifadhi herufi ni kuzifanyisha kazi. Kovu likiongezeka leo, linaingia kwenye bango la kesho. Hapo uchakavu unaendelea kutokea. Sehemu nyingine zote unaigizwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba waliozipenda herufi za mbao kuliko wote ndio waliozichora zikiwa safi. Rob Roy Kelly, mwalimu wa sanaa Minneapolis, alianza kuzikusanya ili wanafunzi wake wapate za kuchapia. Udadisi ukampeleka mbali, na mwaka 1969 akatoa kitabu, American Wood Type, ambacho mpaka leo ndicho msingi wa utafiti wa eneo hili. Mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Kampuni ya Adobe ilipoanza kuzigeuza herufi za mbao kuwa fonti mwaka 1990, ikazipa majina ya miti, Juniper, Ironwood, Ponderosa, Cottonwood, na ikazitoa bila mkwaruzo hata mmoja. Walikuwa wanazirudisha kwenye kiolezo, siku ya kwanza kabla ya wino. Ni heshima ya aina yake. Walaji hawakuridhika nayo.

Maana mwaka uliofuata watu walitaka uchafu. Kompyuta ilikuwa imeingia kwenye kila ofisi ya usanifu, kila kitu kikatoka kimenyooka, na macho yakachoka upesi. Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, waliosoma The Hague, waliligusa jambo hili mapema kuliko wengi. Beowolf yao, iliyotolewa mwaka 1990, ilikuwa na ujanja ambao haujapata mrithi wa kweli: waliingilia lugha ya PostScript inayoiambia printa wapi pa kuchora mstari, wakaweka amri yao inayoisogeza kila nukta kidogo, kwa bahati nasibu, wakati wa kuchapa. Hakuna A mbili zilizofanana. TAMASHA ingetoka na A tatu tofauti, na ukichapa tena, nyingine tatu. Kwa bahati mbaya, mifumo ya kompyuta iliyofuata ilifunga mlango huo, na Beowolf ikabaki kipande cha makumbusho, kwa maana halisi: mwaka 2011 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliinunua pamoja na fonti nyingine 22.

Trixie ya van Blokland, ya mwaka 1991, ilipita njia nyepesi zaidi, na ndiyo iliyoshinda sokoni. Alichukua maandishi ya taipureta iliyochoka, akayaskani, akayageuza kuwa mistari ya fonti pamoja na uvimbe na uchafu wake. Ugumu ulikuwa kwenye nukta. Herufi I safi, isiyo na vikanyagio, inachorwa kwa nukta nne. Ukitaka kuufuata kila ukingo uliochubuka, nukta zinapanda hadi mamia, na printa za miaka ile zilikwama kwenye ukurasa mmoja tu. Ilibidi achague: mkwaruzo huu ubaki, ule uende. Miaka miwili baadaye mfululizo wa televisheni wa The X-Files ukaitumia kwenye jina lake, na ghafla kila jalada la riwaya ya upelelezi likataka kuonekana limepigwa taipu usiku na mtu mwenye hofu.

Taipureta kuchaguliwa kwa kazi ya siri kuna mantiki yake. Arthur Conan Doyle alikwishaiona mwaka 1891, katika hadithi ambamo Sherlock Holmes anamnasa mtu kwa sababu herufi e ya mashine yake inafifia na mkia wa r una kasoro. Nje ya hadithi, kesi ya Alger Hiss, afisa wa zamani wa serikali ya Marekani aliyetuhumiwa ujasusi, iliyomalizika kwa hukumu ya kusema uongo chini ya kiapo mwaka 1950, ilibebwa kwa sehemu kubwa na taipureta aina ya Woodstock: wataalamu walilinganisha kasoro za herufi kwenye nyaraka za siri na zile za barua za kawaida za familia. Kasoro ilisimama kizimbani, ikatoa ushahidi. Fonti ya taipureta chakavu huazima nguvu hiyo ya ushahidi, ndiyo maana inapendeza kwenye jalada la kesi na inachekesha kwenye kadi ya harusi.

Sisi tunaoishi na mihuri hatuhitaji kufundishwa haya. Aliyewahi kupanga foleni ofisini anajua muhuri wa kweli hautoki sawa: upande mmoja umejaa, mwingine umepotea, tarehe imeinama, na karani anagonga mara ya pili juu kidogo ya pale alipogonga kwanza. Muhuri uliotoka mkamilifu, kila nyota mahali pake, ndio unaomfanya mkaguzi avue miwani. Nadhani jamii yoyote inayoishi kwa nyaraka hujifunza kuzisoma kasoro kabla ya kuyasoma maneno.

Just van Rossum alilielewa hilo kwa utaratibu wa fundi. Mwaka 1992 alitoa kundi la fonti tano, kila moja na kifaa chake: Stamp Gothic kutoka kwenye mihuri ya mpira, Flightcase kutoka kwenye stensili za masanduku ya vyombo vya muziki, Dynamoe kutoka kwenye utepe wa plastiki unaogongwa herufi, Karton na Confidential nazo kutoka kwenye ulimwengu uleule wa maboksi na mafaili. Hazikuchanganya. Mpira huteleza na kujaza kingo. Stensili huacha madaraja yanayoshikilia tumbo la O lisidondoke, na rangi hupenya chini ya bati ikavuja. Fotokopi, mama wa majarida ya panki ya London ya 1976, hula kijivu chote ikabakisha nyeusi na nyeupe, halafu hutapika vidoa. Kila kifaa kina namna yake ya kushindwa, na fonti chakavu iliyo nzuri hushindwa kwa namna moja tu kutoka A hadi Z.

Zile mbaya, ambazo ndizo nyingi, hutengenezwa kwa kuchukua herufi yoyote nene, kulaza juu yake picha ya ukuta wa saruji, na kufuta palipo na madoa. Matokeo ni herufi ambazo hazikuchakazwa na chochote. Saruji haichapi. Tena huwa zinasahau ukubwa. Jeraha kwenye ubao ni la milimita moja au mbili, herufi iwe ya sentimita nne au thelathini, kwa sababu kilichoujeruhi ni ukucha, msumari, kona ya meza. Ndani ya fonti jeraha hukua pamoja na herufi. Itandaze fonti hiyo kwenye bango la barabara kuu na ule mkwaruzo mdogo unakuwa shimo la kuzamisha bakuli, ukingo wake laini, umeyeyuka, kwa kuwa kompyuta ilikadiria mistari ambayo skana haikuiona.

Wanaojua kusoma uchakavu wa herufi kwa ukali zaidi, kwa maoni yangu, hawako kwenye studio. Wako mnadani, kwenye marobota ya mitumba. Fulana kutoka Marekani, zenye majina ya vyuo na timu, miaka mingi sasa hutoka kiwandani herufi zake zikiwa zimeshapasuliwa kwenye mchoro. Zikifika kwenye masoko ya Karume au Gikomba, mpasuko huo wa makusudi unakutana na mnunuzi ambaye kazi yake asubuhi nzima ni kutofautisha kilichochoka na kisichochoka.

"Kaka, hii mbona maandishi yamebanduka?"

"Hayajabanduka dada yangu, ndivyo yalivyotoka. Hiyo ni staili."

"Basi nipunguzie, staili yenyewe imezeeka."

Kuna namna ya kuamua ugomvi huo, na wanaochagua kwa makini huitumia bila kuifikiria. Wino wa fulana hizi kwa kawaida ni wa plastiki, uitwao plastisol, na ukipasuka kweli hufuata mvutano wa kitambaa: nyufa hujazana tumboni na kifuani, husafiri kwenye mikunjo, na ufa mmoja huivuka herufi ukaingia ya pili bila kuomba ruhusa. Ukiupitisha ukucha, kingo zinanyanyuka. Mpasuko wa kuchorwa ni bapa. Ukucha unapita bila kukwama, na kitambaa ndani ya tundu kina rangi ileile changa kama pambizoni. Fulana iliyofuliwa miaka kadhaa huwa na vyote viwili, nyufa za kweli zikikatiza juu ya nyufa za mchoro, na hapo muuzaji na mnunuzi wote wana haki.

Ninaandika haya kwa mtu ambaye kesho atatakiwa kutengeneza bango na mteja kamwambia anataka "ya kizamani kidogo". Fonti nzuri zipo. Trixie yenyewe ilirudi mwaka 2008 ikiwa na matoleo kadhaa ya kila herufi, na teknolojia ya OpenType inayoyabadilisha yenyewe unavyoandika. Kabla ya kununua fonti yoyote chakavu, andika MAANDAMANO kwenye sanduku la majaribio la muuzaji uone A zinafanya nini. Nyingi za bei ya kati zina ujanja mdogo: kitufe cha herufi kubwa kinatoa A moja na cha herufi ndogo kinatoa A ya pili, zote zikiwa kubwa kwa sura. Andika TaMASHa na angalau jirani hawatafanana. Ya tatu igeuze mistari, ondoa kovu moja kwa mkono, ongeza jingine. Ni dakika tano.

Wala usidhani herufi mpya ya mbao ingekupa unachotafuta. Zinakatwa mpaka leo. Matthew Carter, aliyechora Verdana na Georgia, ambaye ujanani alijifunza kukata herufi za chuma Uholanzi, aliwachorea Hamilton alfabeti ya mbao iitwayo Van Lanen, na vipande vyake vilivyotoka mashineni vilikuwa na uso sawia kama kioo. Ubao mpya huchapa safi. Ndio uliokusudiwa kuchapa safi.

Njia ambayo mimi huipendekeza kwa wenye maneno machache ni ya gharama ndogo kuliko leseni ya fonti. Chukua kandambili kuukuu au kipande cha linoliamu. Chora herufi zako kinyume, na kila A ichore upya, usikopi. Kata kwa wembe, gundisha kwenye kibao, paka wino wa skrini kwa roli ndogo, laza karatasi ya kufungia juu yake, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, ukisugua kutoka katikati kwenda nje. Usiongeze wino baada ya chapa ya kwanza. Ya kwanza itakuwa imejaa mno, ya pili itasomeka vizuri, na kuanzia ya tatu utaona mikwaruzo ya wembe wako ikitokeza, kila A na ya kwake. Piga picha hizo za tatu na nne kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, ongeza weusi, na umpelekee mchapaji.